Mtani Wangu na Kitabu cha Kujazia Risasi

Juzi kwenye ubatizo mmoja pale Greenbelt, huku kwetu Maryland, Marekani, kijana fulani alinivuta pembeni akanionyesha picha ya kitabu kwenye simu yake. "Uncle Mbwambo," akasema, "hiki kitabu cha ku-reload kiko worth it kweli, au ni-search tu mtandaoni?" Kabla sijafungua mdomo wakatangaza kwamba nyama choma iko tayari, na kijana akanitoka mbio na sahani mkononi. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa na njaa. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani Temple Hills, nikalala nalo, na asubuhi nikaamua kulijibu kwa maandishi ili na wenzake wasome. Nimestaafu, sina bosi wa kunihimiza nimalize, kwa hiyo mtanivumilia.

Jibu fupi ni kwamba kitabu kizuri cha kujazia risasi kinafaa kununuliwa, na badala ya kibaya ni heri ununue sufuria. Jibu refu lina mtu ndani yake. Anaitwa Temu. Kwa sababu ya kitabu cha namna hiyo alipoteza jicho la kulia, na pamoja na jicho akapoteza kazi. Mimi nikampoteza yeye, ingawa mpaka leo yu hai na anakaa Hyattsville, mahali ninapoweza kufika kwa basi moja.

Wengi wenu hamjui kazi yenyewe, basi nianzie hapo. Duka letu lilikuwa la vifaa vya uwindaji: mabuti, makoti ya rangi ya chungwa, bunduki nyuma ya kaunta zimepigwa mnyororo. Mimi nilipewa kona ya nyuma, ya wateja wanaojitengenezea risasi nyumbani. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki zima. Mtu huliokota, akalisafisha, akalitia fataki mpya, yaani kile kidude cha kuwashia kinachokaa kitakoni, akapima baruti kwenye mizani, akaimimina, kisha akakandamiza kichwa kipya cha risasi, ile sehemu inayoruka, juu yake kwa mashine ya mkono. Wengine hufanya hivyo ili kubana matumizi, wengine wanatafuta risasi inayopatana na bunduki yao, na wengine wanataka tu kisingizio cha kukaa gereji mbali na mke. Wote wanahitaji kitabu, maana kitabu ndicho kinachosema baruti kiasi gani kwa kichwa cha uzito gani. Baruti ikipungua mno, risasi inaweza kukwama ndani ya mtutu. Ikizidi, bunduki humgeukia mwenyewe.

Niliingia kona ile sijui lolote. Kwetu Usangi, baba alikuwa na gobore la kufukuzia nyani shambani, na baruti yake aliipima kwa kizibo cha chupa; Mungu alimhurumia tu. Wiki ya kwanza nilipanga vitabu kwa rangi, vyekundu huku, vya buluu kule, nikasimama mbali kujisifu. Bwana mmoja akaulizia kitabu cha bastola, nikampa chekundu kwa sababu kilipendeza. Kumbe kilikuwa cha bunduki za marisau. Alirudi kesho yake, akakiweka juu ya kaunta, akaniomba kwa adabu nimwitie mtu mwingine.

Mtu mwingine alikuwa Dottie. Huyu alikuwa mfanyakazi mwenzangu, bibi wa Kizungu, mjane wa pale Greenbelt, mwenye nywele nyeupe na kikohozi cha sigara, ambaye alikuwa akijijazia risasi zake za mashindano ya shabaha tangu mimi nikiwa bado navaa kaptura za shule. Aliniangalia, akaiangalia rafu yangu ya rangi rangi, akacheka mpaka akakaa kwenye kopo la rangi. Kisha akanifundisha kuchagua kitabu, na hakuna darasa nililowahi kulipenda kama lile.

Dottie hakusoma jalada. Alikifungua kitabu katikati, akakilaza mezani, akaondoa mikono. Kikijifunga chenyewe, alikisukuma pembeni. "Mkono mmoja una baruti, mwingine una ganda," aliniambia. "Nani atakushikia ukurasa?" Kikibaki wazi, ndipo alipotafuta mwaka kiliopigwa chapa. Halafu alitafuta baruti aliyokuwa nayo nyumbani na kichwa alichokuwa nacho nyumbani, kwa majina yake kamili. Kitabu kinene kama tofali ambacho hakina baruti yako ni kitabu cha mtu mwingine, mwachie mwenyewe.

Baada ya hapo aliangalia meza za vipimo. Kitabu cha maana hukuambia uanzie wapi na uishie wapi, nawe unapanda polepole kutoka chini huku unachunguza maganda yako kila hatua. Ukikuta kitabu kinataja kipimo kimoja tu na kunyamaza, kikimbie. Tena kitabu cha maana hukuambia walijaribia bunduki gani, mtutu wa urefu gani, na nguvu ya mlipuko waliipima kwa chombo gani. Wazee wa zamani wengi waliliangalia tu ganda kwa macho, wakakisia. Walipokuja wenye vyombo, vipimo vingi vilishushwa, ingawa jina kwenye kopo la baruti lilibaki lilelile. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Wanaona jina ni lile, wanadhani na kilichomo ni kilekile.

Na msiruke kurasa za mwanzo, vijana. Najua mnaziruka. Nusu ya kwanza ya kitabu ni maelezo na maonyo, hayana picha za kuvutia, lakini mtu aliyeyasoma anajua kwa nini meza zile zimeandikwa vile. Dottie alikuwa navyo viwili vya waandishi tofauti, na vikipishana alianza na kile cha chini. Vipo pia vijitabu vyembamba ambavyo viwanda vya baruti vilikuwa vikituletea tuvigawe bure. Bosi hakupenda niviweke mbele, lakini nilivichomeka kwenye mifuko ya wateja kama mtu anayeongezea ndizi kwenye fungu.

Mtandao nao ulikuwa umeanza kuwapumbaza watu. Walikuja na makaratasi waliyochapisha kwenye kompyuta, vipimo vya mtu anayejiita Mbweha wa Jangwani, ambaye hata mama yake hajui kama ndiye. "Huyu jamaa anaijua," walinihakikishia. Niliwajibu kwamba akikosea hamtampata wa kumdai kidole. Wengine walikasirika, wengine wakanunua kitabu. Kwa mgeni yeyote aliyesimama mbele ya kaunta ile niliyasema haya yote wazi, kwa sauti ya kawaida, bila kumung'unya.

Sasa nije kwa Temu.

Tulikutana kabla sijapata kazi dukani, nilipokuwa napanga maboksi kwenye bohari moja ya Hyattsville na yeye akija na lori kuchukua mizigo. Alisoma jina langu kwenye kitambulisho kifuani, akarudi nyuma hatua moja. "Mbwambo? Mpare! Jamani ficheni makaratasi, huyu atatupeleka mahakamani." Nami nikawageukia wenzangu nikasema, "Shikeni pochi zenu, Mchagga kaingia." Wenzetu Wakongo na Wakenya wakadhani tunataka kupigana. Sisi tulikuwa tumeshapeana mikono, na jioni yake nilikula kwake machalari, zile ndizi za Kichagga, mkewe Mama Neema akinicheka kwamba Mpare bila makande hashibi.

Nyinyi mliozaliwa huku lazima niwaeleze, kwa sababu bila hili hamtaelewa kilichotokea. Utani wa kwetu si mzaha wa hivi hivi. Kuna makabila yenye ruhusa ya kutukanana kwa kizazi na kizazi, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Wapare na Wachagga ni watani. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Siku ya msiba wako atakuja kuwachekesha waliofiwa. Sisi Wapare wanasema tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wachagga nao wanasemwa kwa kupenda fedha: Mchagga akifa usimwite daktari, mtikisie sarafu sikioni, asipoamka ujue kafa kweli.

Mimi nilitembea na sarafu mfukoni kwa ajili hiyo tu. Temu alikuwa akisinzia kwenye mikutano ya jumuiya yetu, maana alikuwa anaamka alfajiri kuendesha lori. Nilikuwa namsogelea nazitikisa. Naye, macho yamefumba vilevile, anainua mkono na kukinga kiganja. Watu hoi. Hata akiwa amenipa mgongo, hata tukiwa katikati ya watu dukani au kanisani kwao, nikizitikisa aligeuka. Hakuwahi kushindwa kugeuka.

Kwa hiyo mimi na Temu hatukuwa na lugha nyingine. Alipofiwa na mama yake kule Machame nilimwambia kwa matusi kwamba nimeguswa, na alinielewa. Kama ningemjia siku moja na uso mkavu nikamwambia, "Temu, nina jambo zito," angeniuliza nani kafariki.

Basi akanunua bunduki. Madereva wenzake walikuwa wakienda kuwinda swala wa huku kwenye milima ya magharibi ya Maryland, wakamshawishi, na yeye ni mtu wa kupenda kila kitu kizima kizima. Haikupita muda akataka kujijazia risasi mwenyewe. Mashine aliipata kwa dereva mmoja aliyekuwa akihama. Jumamosi moja akapita Greenbelt, akakuta mtu ameanika vitu vyake uani anauza: taa, viti, vyombo, na kitabu cha kujazia risasi. Mwenye vitu alikuwa mzee aliyestaafu kwenye kile kituo cha utafiti wa anga. Temu alikuja nacho dukani moja kwa moja, amekiinua juu ya kichwa kama kombe la mpira.

Nilikipokea. Jalada lilikuwa la kitambaa, limefifia. Nikatafuta mwaka, nikausoma mara mbili, kwa maana kilikuwa na umri wa kumzaa binti yake Neema. Baruti nyingi zilizomo zilikuwa hazitengenezwi tena. Zile zilizobaki, kila moja ilikuwa na kipimo kimoja tu, hakuna pa kuanzia. Na kipimo cha baruti aliyokuwa akiitaka yeye kilikuwa juu kuliko cha mwisho kabisa katika vitabu vyangu vipya. Yote hayo niliyaona nikiwa nimesimama pale, kitabu mkononi, rafiki yangu mbele yangu.

Nikafungua mdomo, nikasema, "Mchagga, umeokota kitabu ambacho Nuhu alikiacha nje ya safina kwa kuwa kilikuwa kimeshachakaa."

"Mpare we," akajibu, "hicho ni kitabu cha mtu wa roketi. Amerusha vitu mpaka mwezini. Wewe umerusha nini zaidi ya mawe kwa nyani?"

Tulicheka mpaka wateja wakageuka. Dottie, aliyekuwa upande wa pili akipanga maganda, alicheka nasi bila kujua neno hata moja.

Msidhani niliacha. Nilirudia. Kwenye nyama choma ya kiangazi, pale kando ya ziwa la Greenbelt, nilisimama mbele ya watu nikaomba Mchagga achangiwe kitabu kipya kabla hajailipua Maryland nzima. Watu wakashika mbavu. Temu akasimama na yeye, akaeleza kwamba Mpare anatafuta tu mteja wa kumuuzia kitabu, na tukishindwa kuelewana atamburuta kortini. Mama Neema alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akimenya ndizi. Hakucheka sana. Akaniuliza, "Shemeji, kwani hicho kitabu kina tatizo kweli?"

Nikamjibu, "Tatizo liko kwa mwenye nacho, shemeji."

Nalikumbuka swali lile kila ninapoona ndizi za kuchoma. Mwanamke aliniuliza kwa Kiswahili kinyoofu, bila utani, na mimi nilikuwa na jibu. Lakini watu walikuwa wanasubiri nichekeshe, nami nikawachekesha.

Mara ya mwisho alikuja kununua baruti. Kopo lilikuwa dogo tu. Nililiweka juu ya kaunta na sikuondoa mkono wangu juu yake. Kando yake niliweka kitabu kipya, kile ambacho Dottie alikuwa akikipenda, kinacholala wazi mezani. Nilimtazama Temu usoni, na nakwambieni nilikuwa nimekusudia kumwambia. Maneno yalipotoka yalitoka yamevaa nguo zilezile.

"Sikiliza, Mchagga bahili. Kopo hili na kile kitabu chako cha marehemu vitakuacha chongo. Na chongo hapewi leseni ya lori. Utauza ndizi barabarani, mimi nitapita nizibonyeze na nisinunue."

Akaangua kicheko. "Nikipata chongo, Mpare, wewe ndiye utakayefurahi. Utapata kesi ya kula mpaka uzeeni." Akakisukuma kitabu kipya kwa kidole kimoja, akanirudishia. Nikaondoa mkono kwenye kopo.

Mtaona kwamba nilisema kila kitu. Nilitaja kitabu, baruti, jicho, hata leseni. Hakuna mteja niliyempa onyo kamili kama lile.

Mama Neema alipiga simu dukani Jumamosi mchana, majani yakiwa yameanza kugeuka rangi. Temu alikuwa ameenda uwanja wa kulenga shabaha na risasi zake za kwanza. Alikuwa amefuata kipimo cha kitabu kama kilivyo. Dereva mwenzake aliyekuwa naye alisimulia kwamba zile za mwanzo zilimpiga bega vibaya na kitasa cha bunduki, kile cha kutolea ganda, kikawa kigumu kufunguka. Hizo ni dalili za baruti kuzidi; mimi ningeona hivyo ningeweka bunduki chini. Temu alifurahi, akasema risasi zake zina nguvu kuliko za dukani. Iliyofuata ganda lilipasuka, na moto na vipande vya shaba vikarudi nyuma. Hakuwa amevaa miwani.

Nilifika hospitali na nguo za kazi. Alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bendeji na jicho zima nalo limefunikwa ili lipumzike. Nilisimama mlangoni. Kwa mazoea mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, na nilizishika zile sarafu kwa nguvu zisije zikalia.

"Mpare?" akaita. Alijua hatua zangu.

"Ni mimi."

"Madaktari wanasema la kulia limekwenda." Akagusa bendeji kwa vidole. "Dereva mwenzangu anasema kitabu ndicho kibaya. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuambia, Temu. Nilikuambia dukani, nikakuambia kule ziwani, nikakuambia siku ya kopo."

Akageuzia uso wake upande wa mlango nilikosimama. Kisha akasema polepole, "Ulinitania."

Nikatoka taratibu, mkono bado mfukoni.

Nje kwenye ukumbi Mama Neema aliniambia, "Shemeji, maneno yanaumba. Ulisema chongo, na chongo kimekuja." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hilo liliniuma zaidi. Neema alikuwa ameegemea ukuta na koti lake la shule. Alikuwa msichana wa kidato cha mwanzo huku, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza.

"Uncle, so you knew?" akaniuliza. "Why didn't you just tell him?"

Mama yake akamkemea, akamwambia asiongee na mtu mzima hivyo. Lakini mtoto hakuwa ananikosea adabu. Aliuliza kwa unyoofu, kama alivyouliza mama yake kule ziwani: kama nilijua, kwa nini sikumwambia tu? Ningemweleza vipi kwamba nilimwambia baba yake mara zote hizo, tena kule ziwani mbele yake yeye mtoto, naye alikuwa akicheka pamoja nasi?

Jumatatu yake Dottie, aliyetusikia kutoka nyuma ya rafu, aliniuliza tulikuwa tunacheka nini siku ile ya kopo. Nikamtafsiria neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, sigara ikiungua yenyewe kati ya vidole. "Lakini yote hayo ni kweli," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Na mlikuwa mnacheka." Nikamwambia ndiyo. Akaikanyaga sigara, akanishika bega, akarudi ndani kufungua maboksi.

Leseni ya lori hakuipata tena. Walimpa kazi ya kukaa kwenye kibanda cha maegesho chini ya jengo moja mjini, mahali pasipoingia jua. Hakulalamika. Jambo lililobadilika ni jingine. Tulipokutana kwenye misiba na arusi alinyoosha mkono na kuniambia, "Habari za nyumbani, Bwana Mbwambo. Watoto hawajambo?" Nami nilijibu hawajambo. Watu wakasifu kwamba Temu amekua, ametulia. Nilijaribu kumchokoza. Nilitangaza kwenye arusi moja kwamba Mchagga ameleta bahasha tupu. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mchungaji, akaendelea kula. Mimi nilitukanwa na mtu yule kwa miaka mingi na sikuumia hata siku moja. Aliponiita bwana niliumia.

Kwa hiyo wewe kijana wa nyama choma, jibu lako ni hili. Nunua. Nunua kipya, kinacholala wazi, chenye baruti yako kwa jina, kinachokuambia pa kuanzia. Soma nusu ya mwanzo hata kama inakusinzisha, na uvae miwani. Ukikuta rafiki yako ana kibaya, usimchekeshe. Mpeleke pembeni, hata kama ni mtani wako na hamjawahi kuongea kwa uso mkavu, umwambie kwa maneno makavu yasiyo na kicheko ndani. Atashangaa, huenda akanuna, huenda akakuuliza nani kafariki. Mwache ashangae.

Temu alirudi dukani mara moja tu. Ilikuwa mwaka uliofuata, siku ya katikati ya wiki, hakuna wateja, Dottie yuko nyuma anahesabu fataki. Aliingia na kofia yake ya kazi na miwani yenye kioo kimoja cheusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu, akasimama, akageuza kichwa kizima ili aone vizuri kwa jicho lililobaki. Akachukua kile kitabu alichonirudishia kwa kidole, akakileta kaunta.

"Bwana Mbwambo," akasema, "hiki kinafaa kununuliwa?"

Nikakifungua katikati, nikakilaza, nikaondoa mikono. Nikamwonyesha kwamba hakijifungi. Nikamwonyesha mwaka, nikamwonyesha pa kuanzia na pa kuishia, nikamweleza habari ya mtutu na vyombo vya kupimia. Niliongea naye kama nilivyoongea na wageni, taratibu, kwa sauti ya kawaida. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipomaliza jambo moja, akingoja jingine.

"Na kile cha kwangu?" akauliza.

"Kile usikitumie, Temu. Vipimo vyake ni vya zamani, viko juu mno. Kitakuumiza."

Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi moja. Alikifunga kitabu, akakilainisha jalada kwa kiganja, akakirudisha upande wangu wa kaunta.

"Nikufungie?" nikamwuliza.

"Hapana, bwana. Bunduki niliiuza siku nyingi. Nilitaka tu nisikie ungesemaje."

Akaaga, akaelekea mlangoni, anatembea ameinamisha bega la kulia kidogo asigonge rafu. Nikatia mkono mfukoni, nikazitikisa sarafu. Nilizitikisa kwa nguvu, mpaka Dottie akainua kichwa kule nyuma. Temu akavuta mlango, akatoka, akaurudishia taratibu.